Mungu hapendezwi na mizani mbili

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ndivyo mataifa makubwa yanavyolitazama bomu la nyuklia. Likiwa ghalani mwao, wanaliita ulinzi. Likitajwa kwa mwingine, ni tishio kwa dunia nzima.

Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulianza kutumika mwaka 1970. Unazitambua nchi tano kuwa na silaha hizo: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Nchi nyingine zilizotia saini ziliahidi kutozitafuta. Lakini wakubwa nao waliahidi. Ibara ya 6 inawataka wajadiliane kwa nia njema ili silaha hizo ziondolewe. Zaidi ya miaka 50 imepita, na maelfu ya mabomu yangali ghalani. Tena nchi hizo tano ndizo zenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mshtakiwa ndiye hakimu.

Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq kwa madai kwamba ilificha silaha za maangamizi. Hazikupatikana. Mwaka 1994 Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, nayo Urusi ikaahidi, pamoja na Marekani na Uingereza, kuheshimu mipaka yake. Mwaka 2022 Urusi hiyohiyo iliivamia. Wengi wanaolaani uvamizi mmoja huutafutia mwingine visingizio.

Mithali 20:10 inatufundisha kwamba Bwana anachukizwa na mtu mwenye vipimo viwili. Tunamjua mfanyabiashara huyo: ananunua kwa jiwe zito, anauza kwa jiwe jepesi.

Je, dawa ni kila nchi kuwa na bomu lake? Hasha! Agosti 9, 1945, bomu lililotupwa Nagasaki lililipuka juu ya Urakami, mtaa wa Wakatoliki wengi, likabomoa kanisa lao kuu. Halikuchagua mwenye dhambi na mtakatifu. Haki ni jiwe moja kwa wote: asiwe nalo yeyote. Jambo hilo linawezekana. Afrika Kusini iliyateketeza mabomu yake yenyewe, kisha ikajiunga na mkataba huo mwaka 1991.

Ndugu msomaji, nasi tusijifiche nyuma ya wakubwa. Yesu alisema juu ya boriti iliyo jichoni mwetu. Tukisikia watoto wameuawa vitani, je, tunauliza kwanza ni wa taifa gani na dini gani ndipo tuhuzunike? Hiyo nayo ni mizani mbili, na tunaingia nayo kanisani.

Leo tunapoombea amani, tuwataje watoto wa Gaza, Israel, Ukraine, Urusi na Sudan kwa sauti ileile. Mbele za Mungu wana uzito mmoja.