Tezi dume na upasuaji wa darubini: mzee wa Bugarama apelekwe wapi, na lini?



Barua zinazofika kwenye kamati za diakonia kuhusu wazee wenye shida ya mkojo hufanana. Mzee amewekewa mpira wa mkojo, ameambiwa aende hospitali kubwa, na familia inaomba nauli. Kamati nazo huuliza: Je, operesheni hiyo ni ya lazima? Kwa nini isifanyike hapa karibu? Makala hii inajaribu kujibu maswali hayo, ili fedha za usharika zitumike kwa wakati na mahali panapofaa.

Tatizo lenyewe

Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Kadiri mwanaume anavyozeeka tezi hukua na kuubana mrija. Mzee huamka usiku mara nyingi, mkojo hutoka kidogo kidogo, na siku moja huziba kabisa. Vijijini kwetu wengine huita hali hiyo ngiri na kuanza na dawa za miti shamba. Wakati huo mkojo uliobaki hurudisha shinikizo kwenye figo, na figo zikiharibika huenda zisirudi katika hali yake hata baada ya operesheni.

Mpira huokoa maisha siku ile mkojo unapoziba, lakini haumalizi ugonjwa. Ukikaa miezi mingi huleta maambukizi, mawe kwenye kibofu na makovu kwenye mrija.

Darubini inafanya nini?

Daktari hupitisha chombo chembamba, unene wake kama milimita 8, kwenye njia ya mkojo. Ndani yake kuna darubini, taa, na kitanzi cha waya kinachopitisha umeme. Tumbo halipasuliwi. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kitanzi hukwangua tezi vipande vidogo vidogo kutoka ndani, na umeme huohuo huziba mishipa inayovuja damu. Vipande husafishwa na kupelekwa maabara kuangalia kama kuna saratani. Kisha mgonjwa hukaa na mpira siku chache, huku maji yakipitishwa kuosha kibofu.

Kazi hii si mpya. Max Nitze wa Ujerumani alionyesha darubini ya kuangalia kibofu mwaka 1879, na chombo cha kukata tezi kilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1920 na 1930.

Kwa darubini hizo daktari anaweza pia kukata kovu lililoziba mrija, kuvunja mawe ya kibofu na kuondoa uvimbe mdogo ndani ya kibofu. Kwa hiyo mtu anayekojoa damu, hata bila maumivu, asisubiri. Inaweza kuwa kichocho, na inaweza kuwa saratani.

Mambo ya kuelewa kabla ya kuahidi

Darubini haimfai kila mgonjwa. Tezi ikiwa kubwa sana, kwa kawaida kuanzia gramu 80 hivi, upasuaji wa kufungua tumbo unaweza kuwa bora zaidi, na madaktari wengi wa hospitali za wilaya na mkoa wamefundishwa kuufanya. Kamati isidhani kwamba mzee aliyepasuliwa tumbo amepewa huduma ya daraja la pili.

Kovu refu la mrija, kama linalotokana na ajali ya pikipiki iliyovunja nyonga au kisonono cha zamani, mara nyingi hurudi baada ya kukatwa kwa darubini. Huyo huhitaji mrija utengenezwe upya kwa upasuaji wa wazi.

Wanaume huuliza habari za ndoa. Nguvu za kiume kwa wengi hubaki, ila mbegu mara nyingi hurudi kwenye kibofu na kutoka baadaye pamoja na mkojo. Mzee na mkewe waelezwe hili mapema. Pia operesheni hii haiondoi tezi yote. Kama ni saratani, matibabu mengine yatafuata.

Wapi?

Safari ya mgonjwa wa Bugarama huanzia zahanati, kisha hospitali ya wilaya au zile za kanisa, Murgwanza na Rulenge. Upimaji wa damu, figo na ultrasaundi ufanyike huko kwanza. Akihitaji bingwa wa njia ya mkojo, Bugando iko Mwanza, njia ya Biharamulo, Chato na Geita. Tangu Juni 2025 gari linapita Daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni kituo cha siku nyingi cha upasuaji huu na cha kufundisha mabingwa. Idara yake ilijengwa na Dk. Lester Eshleman, daktari Mmenoni aliyewahi kufanya kazi Shirati, Mara. Kabla ya safari mganga apige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi na lini mgonjwa apokelewe.

Kwa wafadhili wetu

Darubini peke yake ni chuma. Operesheni moja hutumia lita nyingi za maji maalumu. Mashine za zamani hutumia maji yasiyo na chumvi. Yakiingia kwa wingi kwenye damu, mgonjwa huchanganyikiwa na anaweza kufa, ndiyo maana daktari hujitahidi kumaliza ndani ya saa moja hivi. Mashine mpya hutumia maji ya chumvi kama ya dripu, na hatari hiyo ni ndogo. Vitanzi huisha, lenzi huvunjika, umeme hukatika. Anayetaka kutoa chombo aulize kwanza: nani atakitumia, nani atakitengeneza, na vifaa vya mwaka wa pili vitatoka wapi?

Kamati ifanye nini?

Kwa sera ya Taifa, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Msamaha huo haulipi nauli, chakula wala malazi ya msindikizaji, na hapo ndipo mzee hukwama. Basi usharika usaidie mambo manne:

1. Barua ya serikali ya kijiji ya kuthibitisha kwamba hana uwezo, pamoja na rufaa ya hospitali.
2. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi.
3. Mtu wa kuhakikisha mpira unabadilishwa kwa tarehe iliyopangwa, na mfuko unakaa chini ya usawa wa kibofu. Homa au mkojo wenye damu, hospitali siku hiyohiyo.
4. Daftari lenye tarehe ambayo kila mgonjwa aliwekewa mpira. Lisomwe kila kikao, na aliyekaa muda mrefu kuliko wote ashughulikiwe kwanza.