Lubumbashi: Gazeti la timbri linalipiwa kila mwezi, kulisoma ndiyo shida

Katika komine ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, kuna mzee wa miaka 84 ambaye kila siku ya Yenga, nikipita kumsalimia, ananiuliza swali moja: "Ile gazeti ilishafika?" Ni baba mukubwa wangu. Alianza kazi ya karani wa posta wakati mji huu ungali unaitwa Elisabethville. Nami namjibu: "Bado, baba mukubwa, niko nashughulika." Alinivumilia miezi mitatu.

Mzee huyu anakusanya timbri tangu ujana wake. Ana vitabu vitatu vilivyojaa. Ndani mna timbri za maua za Kongo ya Wabelgiji, zilizotoka mwaka wa 1952, na zile za wanyama za mwaka wa 1959. Kurasa anazozifungua polepole zaidi ni za Katanga. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, Moïse Tshombe alipotangaza kwamba Katanga imejitenga, serkali yake ilihitaji timbri zake upesi. Ilichukua zile za Wabelgiji zilizokuwapo, ikapiga juu yake neno KATANGA kwa wino. Mwaka uliofuata ilichapisha zake zenyewe, zenye picha za sanamu za miti. Hakuna inchi iliyoitambua Katanga mpaka ilipokwisha, mwezi wa kwanza 1963, ila barua zilikuwa zikiandikwa, na timbri zikibandikwa. Baba mukubwa ndiye aliyekuwa akizigonga muhuri.

Sasa macho yake yanaingia ukungu. Munganga alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji unawezekana, lakini unaomba feza. Ndipo akatokea mnunuzi mmoja aliyesema atachukua vitabu vyote vitatu kwa dola 150, "pamoja na yale makaratasi ya zamani", yaani bahasha zilizokaa ndani ya kopo la biskuti. Mzee hakukubali, hakukataa. Alitaka kwanza kujua. Alikuwa amesikia kwamba gazeti moja la Ulaya la wapenzi wa timbri, linaloandikwa kwa Kifaransa, lilitoa habari ndefu juu ya timbri za Katanga na namna ya kutambua za uongo. Akanipa kazi hiyo. Mimi ndiye musomi wa jamaa, eti.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Gazeti hilo linauzwa kwa intaneti, euro 4 kwa mwezi. Lile la karatasi halitumwi huku kwetu. Gazeti la timbri lisilopita posta! Nilicheka, nikaendelea.

Shida ya kwanza ilikuwa inchi. Katika orodha kulikuwa Kongo moja tu, na ilikuwa ile ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Nikiichagua, namba ya simu yangu inayoanza na 243 inakataliwa. Nikiiacha, fomu haisogei. Nikatafuta tena, nikatukuta chini kabisa, kwenye herufi R. Halafu wakaomba kode ya posta. Sisi tunaeleza nyumba kwa avenue, namba na komine, na tukiona mgeni atapotea tunaongeza "karibu na mapompa". Nikaandika sufuri tano. Mashini ikakubali. Kumbe walitaka tarakimu tu, hata zisizo na maana.

Shida ya pili ilikuwa malipo. Hapa kwetu mama anayeuza fretini sokoni anapokea feza kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Masomo ya watoto yanalipwa vilevile. Gazeti lile halijui hata moja ya hizo, linataka kadi ya benki. Nikaenda kutafuta kadi ya kutia feza mbele, nikaweka dola 20 baada ya kupanga mustari asubuhi nzima. Nilipolipa, benki ikasema inatuma kode kwa ujumbe wa simu, nayo inadumu dakika tano. Kode ilifika saa mbili baadaye, nikiwa tayari kitandani. Mara ya nne ilifika kwa wakati. Nilipiga kelele hata jirani akauliza kama timu imefunga bao.

Basi nimelipa, nasoma? Hapana. Programu ya gazeti, simu ikaniambia, haipatikani katika inchi yako. Nikahamia ordinatere. Kurasa zote ni picha kubwa, na kila ukurasa unameza mega kama gari la zamani linavyomeza esansi. Moto wa umeme ukakatika kabla ya ukurasa wa tatu. Uliporudi, nilikuwa nimetolewa nje, nikaambiwa kwamba tayari kuna mtu anasoma kwa jina langu. Mtu huyo ni mimi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni siku niliyofika hasa mahali pa kutafuta namba za zamani. Habari ya Katanga niliiona kwa jicho langu, kichwa chake na mistari miwili ya mwanzo, na chini yake kufuli. Namba za zamani, waliandika, haziko ndani ya euro 4. Zinaomba kulipa kwingine, kwa mwaka mzima. Niliwaandikia mara tatu. Mara tatu nilijibiwa na mashini kwamba barua yangu ni ya maana sana kwao.

Aliyetuokoa ni binamu yangu wa kule Liège. Alinunua namba hiyo moja ya karatasi kwa muuza timbri wa huko, akapiga picha kurasa zote sita, akazituma kwa WhatsApp. Zilifika usiku, moja moja, ya nne kabla ya ya pili.

Siku ya Yenga nilimsomea mzee kwa sauti, naye akishika lupe yake. Habari yenyewe haikumpendeza yote. Timbri nyingi za Katanga, hasa ambazo hazikutumika, hazina bei kubwa. Na kwa zile zilizotumika, tazama wino: neno KATANGA lilipigwa kabla ya timbri kuuzwa, kwa hiyo muhuri wa posta lazima uwe juu ya herufi. Ukikuta herufi ziko juu ya muhuri, kuna mtu alizipiga baadaye nyumbani kwake. Tulikuta mbili za namna hiyo katika kitabu chake. Alinyamaza kidogo. Alijua ni nani aliyembadilishia, rafiki wa zamani, marehemu sasa.

Ila ukurasa wa tano ulisema kwamba bahasha nzima, iliyosafiri kweli, yenye timbri na muhuri unaosomeka, mara nyingi inashinda timbri iliyobanduliwa. Mzee aliomba kopo la biskuti. Tulihesabu bahasha 31. "Ndiyo yale makaratasi," alisema. Mnunuzi alipopiga simu, aliambiwa mzee bado anafikiri. Binamu wa Liège ameombwa picha za bahasha sita ili azionyeshe huko.

Limebaki jambo moja. Mwezi wa nne sasa, euro 4 zinaendelea kutoka katika kadi yangu. Nilitafuta mahali pa kuacha, nikakuta, kwa herufi ndogo, kwamba wanaotaka kuacha watume barua yenye sahihi, kwa posta. Nilimweleza baba mukubwa. Alicheka hata akakohoa, kisha akafungua kitabu cha pili na kuniuliza nataka kubandika timbri gani.