Akishaingia kwa Akaunti Ndogo

Kila mwezi kampuni zinazotengeneza mifumo endeshi ya kompyuta hutoa orodha ya kasoro zilizozibwa, na kila mwezi kundi moja la kasoro hizo hurukwa na wasomaji wake. Ni zile zenye maelezo kwamba mshambuliaji sharti awe tayari na akaunti ndani ya kompyuta. Fundi wa ofisi akifika hapo hushusha pumzi: hakuna mgeni tuliyempa akaunti, basi hili halituhusu, litasubiri. Napinga mazoea hayo kwa nguvu zote. Mashambulizi mengi huanzia kwa mhudumu wa mapokezi aliyefungua kiambatisho cha barua pepe. Programu hasidi huanza kazi kwa jina lake na kwa uwezo wake mdogo, kisha hutafuta njia ya kupanda. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama zitapotea faili za mtu mmoja au za taasisi nzima. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Iran, ilibeba, miongoni mwa kasoro za Windows ambazo hazikuwa zikijulikana, mbili za kupandia ngazi tu.

Windows, macOS na Linux zote hugawa watumiaji kwa madaraja. Mtumiaji wa kawaida huandika nyaraka zake na kufungua kivinjari, lakini hawezi kubadili faili za mfumo, kusoma faili za mwenzake wala kuzima kinga ya virusi. Juu yake yupo msimamizi. Katika Linux na macOS akaunti ya juu kabisa huitwa root. Katika Windows huduma nyeti za mfumo hutumia akaunti iitwayo SYSTEM. Ukishafika huko, karibu hakuna mlango uliofungwa.

Ugumu ni kwamba hata mtumiaji wa kawaida ana mahitaji halali yanayogusa vitu vya juu. Anataka kubadili neno lake la siri, na faili linalohifadhi maneno ya siri haruhusiwi kuliandika. Afanyeje? Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix katika maabara za Bell nchini Marekani, alilijibu swali hilo kwa ubunifu ulioombewa hataza mwaka 1973 na kuipata mwaka 1979. Programu hupewa alama maalumu, na kila inapoendeshwa, aliyeiendesha awe nani, hufanya kazi kwa mamlaka ya mwenye programu. Ndivyo afanyavyo karani aliyekabidhiwa mhuri wa mkuu. Mwananchi hapewi mhuri; hupeleka karatasi dirishani, na karani hutakiwa kuisoma yote kabla ya kugonga.

Karibu kila kasoro ya aina hii ni mhuri uliogongwa bila karatasi kusomwa. Mwaka 1988 Norm Hardy alichapisha kisa kilichotokea Tymshare, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikikodisha muda wa kompyuta kwa wateja wengi. Programu ya kutafsiri msimbo wa Fortran ilikuwa na ruhusa ya kuandika katika folda ya mfumo ili ihifadhi takwimu za matumizi. Mteja naye aliruhusiwa kuitajia programu hiyo jina la faili ambalo angependa liandikiwe taarifa za kusaka makosa. Akatokea mteja aliyetaja jina la faili la ankara, lililokuwa katika folda ileile ya mfumo. Programu ikatii, na kumbukumbu za madeni zikafutika. Mteja mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo. Programu ilikuwa nayo, ila haikujiuliza ilikuwa ikiitumia ruhusa ile kwa niaba ya nani.

Swali hilohilo lilirudi tarehe 25 Januari 2022, wakati kampuni ya usalama ya Qualys ilipotangaza kasoro iliyoipa jina la PwnKit. Ilikuwa katika pkexec, programu ndogo iliyokuja pamoja na Ubuntu, Debian, Fedora na matoleo mengine mengi ya Linux. Kazi yake ni kuendesha programu nyingine kwa mamlaka ya juu, baada ya kuhakikisha kwamba anayeomba anastahili. Kasoro ilikuwamo tangu toleo la kwanza kabisa la Mei 2009. Kwa zaidi ya miaka 12, mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye kompyuta hizo angeweza kuwa root.

Inafaa kuieleza taratibu. Programu inapoanzishwa, mfumo huikabidhi orodha ya maneno. Neno la kwanza ni jina la programu yenyewe, na yanayofuata ni yale aliyoandika mtumiaji. Waandishi wa pkexec walichukulia kwamba neno la kwanza halikosekani kamwe, hivyo wakaanza kusoma kuanzia la pili. Lakini Linux wakati huo iliruhusu programu ianzishwe kwa orodha tupu kabisa. Anayeitaka hali hiyo aliweza kuitengeneza kwa makusudi, na pkexec ikanyoosha mkono kuchukua neno la pili katika orodha isiyokuwa na hata moja.

Mkono ule uliangukia wapi? Katika kumbukumbu ya kompyuta, orodha ya maneno hufuatwa mara moja na orodha nyingine, ile ya mipangilio ya mazingira: lugha ya mtumiaji, folda za kutafutia programu, na kadhalika. Orodha hii huandaliwa na mtumiaji mwenyewe. Basi pkexec ikasoma mpangilio wa kwanza ikidhani ni jina la programu inayotakiwa kuendeshwa, ikaitafuta kwenye diski, kisha ikaandika anwani kamili iliyoipata palepale ilipolisoma neno. Bila kujua, ikawa imebadilisha mipangilio yake yenyewe kwa maneno yaliyochaguliwa na mshambuliaji.

Hapa ndipo ninapostaajabu kila nikiisoma taarifa ile. Linux inajua hatari ya mipangilio ya mazingira. Programu yenye alama ya mamlaka inapoanzishwa, mfumo huifuta kwanza mipangilio inayoweza kutumiwa vibaya. Mmojawapo ni GCONV_PATH, unaoelekeza folda yenye vipande vya programu vya kubadilisha mfumo mmoja wa herufi kuwa mwingine. Ukaguzi huo ulifanyika kama ulivyopangwa. Lakini pkexec ilianza kazi baada ya ukaguzi, na ikaurudisha kwa mkono wake mpangilio uliofutwa. Kilichobaki ni kuilazimisha itoe ujumbe wa kosa kwa herufi zisizo za kawaida. Ikaenda kutafuta kipande cha kubadilishia herufi, ikakikuta kile kilichowekwa na mshambuliaji, ikakiendesha kwa mamlaka ya root.

Njia hii haikuhitaji kubahatisha mahali popote kwenye kumbukumbu, na haikushindwa mara moja na kufaulu mara nyingine. Qualys haikutoa msimbo wa kushambulia, lakini watu wengine waliuandika na kuutangaza ndani ya saa chache. Juni mwaka huohuo, CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mtandao, iliiongeza PwnKit katika orodha yake ya kasoro zinazotumiwa katika mashambulizi halisi. Wasioweza kuweka kiraka siku ileile walishauriwa kuiondolea pkexec alama yake ya mamlaka kwa amri moja fupi. Mfumo endeshi mwingine, OpenBSD, haukuathirika, kwa kuwa kiini chake, yaani programu ya msingi ya mfumo, hukataa kuanzisha programu yenye orodha tupu. Kiini cha Linux nacho kilirekebishwa katika toleo la 5.18, ili orodha isiwe tupu tena.

Wapo waliosema kisa hiki kinathibitisha kwamba programu za msimbo wazi si salama, kwa kuwa kosa lilikaa hadharani miaka yote hiyo bila kuonekana. Sikubaliani nao. Lilipatikana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hatimaye watu wenye subira waliketi wakausoma mstari kwa mstari. Kinachotakiwa ni wasomaji kama hao walipwe na wawe wengi.

Wala mifumo ya kulipia haijasalimika. Tarehe 28 Novemba 2017 mhandisi mmoja wa programu kutoka Uturuki alitangaza hadharani kwamba kwenye macOS High Sierra ulitosha kuandika root, ukaacha nafasi ya neno la siri wazi, ukabofya zaidi ya mara moja. Jaribio la kwanza liliiamsha akaunti ya root iliyokuwa imelala na kuipa neno la siri tupu. Jaribio lililofuata likakuingiza. Apple ilitoa kiraka siku iliyofuata. Mwaka 2021 Windows ilipata zamu yake. Mwezi Julai iligundulika kwamba katika matoleo ya Windows 10 tangu lile la namba 1809, mafaili yanayohifadhi siri za kuingilia yaliweza kusomwa na mtumiaji yeyote wa kompyuta. Mwezi uliofuata ikawa kipanya. Ukichomeka kipanya cha Razer, Windows ilipakua yenyewe kisakinishi chake na kukiendesha kwa mamlaka ya SYSTEM. Kisakinishi kilikuuliza unataka programu iwekwe folda gani, na kutoka kwenye dirisha hilo la folda uliweza kufungua dirisha la amri, nalo likarithi mamlaka yaleyale.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya haki kuitaja. Kwenye kompyuta ya nyumbani yenye mtumiaji mmoja, picha zako, barua zako na akaunti ulizoacha wazi kwenye kivinjari zote ziko chini ya akaunti yako ya kawaida. Mwizi wa vitu hivyo hana haja ya kupanda popote. Ni kweli. Lakini akipanda ataweza kuzima kinga ya virusi na kujificha pale ambapo hata ukifuta akaunti yako atabaki. Na kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, iwe ya maabara ya chuo, ya dawati la uhasibu au ya saiba, kupanda ngazi ni kuyasoma mambo ya kila aliyewahi kuketi pale.

Ndiyo maana naumia nikiona saiba na ofisi za kwetu ambako wote huingia kwa akaunti moja yenye mamlaka ya msimamizi. Hapo mshambuliaji hahitaji kasoro yoyote. Amekabidhiwa mhuri mlangoni. Naumia pia nikiona apdeti zimezimwa ili kuokoa bando, au kwa sababu Windows yenyewe ni ya kuchakachua. Lile dirisha la Windows linalokuuliza Ndiyo au Hapana, lililoletwa na Windows Vista, halitoshi kuwa kinga. Microsoft yenyewe imesema kwamba kwa anayetumia akaunti ya msimamizi, dirisha hilo halihesabiwi kuwa mpaka wa usalama. Mpaka wa kweli ni akaunti ya kawaida iliyotengwa na ya msimamizi, yenye neno la siri tofauti.

Basi, msomaji wangu, fungua akaunti hiyo ya kawaida leo na uifanyie kazi zako zote za kila siku. Ukiweka kiraka cha kiini cha mfumo, izime kompyuta na kuiwasha upya, kwa kuwa kabla ya hapo kiini cha zamani ndicho kinachoendelea kufanya kazi. Na kama bado uko kwenye Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kasoro za kupandia ngazi zitaendelea kugunduliwa ndani yake, na kompyuta isiyoandikishwa katika mpango wa nyongeza wa Microsoft haitapata viraka vyake.