Kulipwa kwa hesabu: uliza nini kabla ya kusaini kontra?

Wahitimu wenzangu, kazi nyingi za kwanza tunazopewa siku hizi hazina mshahara. Patron anakuambia: "Nguvu zako ndizo mshahara wako. Leta wateja, nitakulipa kwa kichwa." Mwingine anafurahi, mwingine anakimbia. Mimi naomba tungoje kidogo, tuone wanauchumi waligundua nini.

Kule Marekani kuna kampuni ya kubadilisha vioo vya gari, Safelite. Kwenye miaka ya 1994 na 1995 iliacha kulipa mafundi kwa saa, ikaanza kulipa kwa kila kioo. Mwanauchumi Edward Lazear alipekua hesabu zake, akatoa matokeo mwaka 2000: kazi ya kila fundi iliongezeka kwa asilimia 44 hivi. Lakini karibu nusu tu ya hiyo ilitoka kwa mafundi wale wale kuongeza bidii. Inayobaki, sana-sana ni juu wenye mikono mepesi walivutwa kuja na kubaki. Malipo nayo yalipanda, ila kwa asilimia 10 hivi.

Je, mafundi hawakulipua kazi? Hapo njo kuna siri. Kioo kikiharibika juu kiliwekwa vibaya, fundi aliyekiweka alikirudilia bila kulipwa. Tena kulikuwa na kima cha chini, ili wiki mbaya isimwache mtu mikono mitupu.

Sasa angalia benki ya Wells Fargo, huko huko Marekani. Wafanyakazi walisukumwa wamuuzie kila mteja bidhaa nane. Lengo halikufikika, basi wengi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilipigwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba watu kama 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Hesabu ile ile ya mauzo benki ilikuwa inawaonyesha wawekezaji kama alama ya afya yake. Mwaka 2020 ilikubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza kesi, na ndani yake mlikuwa shitaka la kuwapotosha wawekezaji hao.

Bengt Holmström na Paul Milgrom walikuwa wameshaeleza jambo hili mwaka 1991: kazi ikiwa na pande nyingi, na ukalipa upande mmoja unaohesabika, mfanyakazi ataziacha zingine. Siyo juu ana roho mbaya. Umemwambia mwenyewe kipi kina bei.

Kwa hiyo kulipwa kwa hesabu siyo mtego kila mara, wala siyo baraka kila mara. Kabla ya kusaini, uliza maswali manne. Kinachohesabiwa ni nini hasa? Kazi ikiwa mbovu, hesabu inaiona? Mwezi mbaya, kuna kima cha chini? Na wale walio kazini tayari, wanafikia lengo bila kudanganya? Hilo la mwisho usimuulize patron. Waulize wao, pembeni. Wakicheka tu bila kujibu, mimi nisingesaini.