Chama cha Msingi na Kijana Anayetafuta Kazi

Tangu elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ianze kutolewa bila ada mwaka 2016, vijana wengi zaidi wamekuwa wakirudi vijijini wakiwa na cheti mkononi. Cheti hicho ni jambo la kushukuru, lakini hakimfundishi mtu namna kazi inavyofanyika. Kijana wa mjini humwona mjomba akitoka asubuhi kwenda ofisini, husikia mazungumzo ya mishahara na barua za maombi, na akikwama humpata wa kumwuliza. Kijana wa Ngarambe, wilayani Rufiji, huenda akamaliza shule bila kupata kumwona karani akifunga hesabu za mwezi hata mara moja.

Ngarambe ina jina katika historia. Huko ndiko Kinjikitile Ngwale alikotoa maji ya dawa kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza mwaka 1905, na watu wakafunga safari kutoka mbali kumfuata. Siku hizi safari nyingi za vijana ni za kutoka, kuelekea Dar es Salaam, na wengi huenda bila kumjua mtu wa kuwapokea kazini.

Anachokosa kijana huyu si akili. Anakosa mlezi wa kazi, yaani mtu mzima anayeijua shughuli, anayemruhusu kuitazama, kuijaribu na kukosea mbele yake. Mafundi seremala na waunda majahazi wa pwani waliwalea wanagenzi wao hivyo hivyo. Ngarambe yenyewe haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano: pamoja na kijiji cha Tapika iliunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MUNGATA, chini ya utaratibu uliowekwa na kanuni za mwaka 2002. Askari wa wanyamapori wa kijiji hawezi kuimaliza kazi yake darasani. Nyayo na pepo za porini hufundishwa na aliyetangulia, kwa kutembea naye.

Katika vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, ofisi ambayo kijana anaweza kuifikia kwa miguu, ukiacha ya serikali ya kijiji, ni ya chama cha ushirika. Ndani yake mna mizani, ghala, daftari la fedha, na kazi halisi ya msimu. Ufuta na korosho huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima huleta mzigo, ukakaguliwa ubora na kupimwa, akapewa stakabadhi, mzigo hupelekwa ghala kuu, huuzwa mnadani, na malipo huingia katika akaunti ya mkulima baada ya makato. Kila hatua hapo ni somo. Kijana anayeketi kando ya mpimaji hujifunza kusoma mizani bila kumpendelea mtu, kuandika jina kama lilivyo katika kitambulisho, na kulinganisha jumla ya stakabadhi na uzito uliopakiwa garini. Somo kubwa kuliko yote ni makato. Mwanachama aliyetarajia fedha zaidi hufika na hasira, na kijana anayeweza kumweleza kwa adabu, tarakimu kwa tarakimu, kila shilingi imekwenda wapi, amekwisha kuwa mfanyakazi, awe ameajiriwa au bado.

Hata hivyo, mipaka haina budi kuwekwa. Mwanagenzi asishike fedha taslimu, asitie sahihi hati yoyote, wala asiachiwe ufunguo wa ghala. Achaguliwe na bodi kwa tangazo lililobandikwa wazi, la sivyo nafasi itamwangukia mpwa wa mwenyekiti na wanachama watanung'unika, tena kwa haki. Wasichana wasisahauliwe, mara nyingi hati zao husomeka vizuri zaidi. Posho ndogo ya chakula ipitishwe na mkutano mkuu, kwani kijana anayeshinda na njaa ghalani hatarudi wiki ya pili.

Wapo makatibu wanaochelea kwamba anayefundishwa leo atawapokonya kiti kesho. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini katibu akiugua katikati ya msimu, na hakuna mwingine anayeyajua madaftari, malipo husimama na mkaguzi hukuta kurasa tupu. Kati ya kanuni 7 zilizothibitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995, ya 5 inahusu elimu na mafunzo, nayo inawataja vijana kwa jina.

Yapo pia mambo madogo yanayowaangusha waombaji wa kazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huagiza mwombaji ataje wadhamini 3 wa kuaminika, nayo hayakubali hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la cheti cha shule, hutakiwa hati ya kisheria kuhusu mabadiliko hayo. Kijana asiye na wa kumwambia hugundua haya siku ya mwisho ya maombi. Katibu aweza kuzikagua hati zake mapema, msimu ukiwa bado. Kwa aliyejifunza useremala au ushonaji kwa fundi wa kijijini, aelezwe kwamba VETA huwatahini mafundi waliojifunza nje ya vyuo na kuwapa vyeti.

Msimu ukiisha, chama kimwandikie mwanagenzi barua. Barua ya kusema tu kwamba ni mwenye tabia njema haimsaidii sana. Itaje tarehe alizofanya kazi, vitabu alivyojifunza kuandika, mizani aliyoisoma, na jina la aliyemsimamia, ambaye awe tayari kujibu mwajiri akiuliza. Nakala ibaki katika jalada la chama.