Kubofya Kitu Kilicho Mbele: Jiometri ya Kipanya

Mtu akisimama mlimani, akanyosha kidole na kusema, "Kile pale!", mwenzake humwuliza: kipi? Kidole huonyesha njia tu. Juu ya njia hiyo moja paweza kuwapo mbuni, nyumba na kilima. Kompyuta hukabiliwa na swali hilo hilo kila mara kipanya kinapobofywa juu ya picha ya vipimo vitatu.

Kioo cha kompyuta ni bapa. Kipanya hutoa majiranukta mawili tu: ya kulia au kushoto, na ya juu au chini. Umbali wa kwenda mbele haumo. Kwa hiyo kompyuta hupitisha mstari kutoka kwenye jicho la mtazamaji, kupitia nukta iliyobofywa, hadi ndani ya mandhari.

Chukulia kwamba mwanafunzi wa Itaka, wilayani Mbozi, ameunda picha ya Kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1 hivi. Jicho liko (0, 0) na kioo kiko mita 1 mbele yake. Alama ya kutoa huonyesha chini ya usawa wa jicho. Kimondo kiko mita 10 mbele: x ni 0 hadi 3, y ni -1.5 hadi -0.5. Mgeni amesimama mita 4 mbele: x ni 0.2 hadi 0.6, y ni -1.5 hadi 0.1. Nukta iliyobofywa ni (0.1, -0.1).

Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, mstari ukifika mita 4 uko (0.4, -0.4): umempata mgeni. Ukifika mita 10 uko (1, -1): umekipata na Kimondo. Majibu yote mawili ni sahihi kihisabati. Hapo ndipo huingia uamuzi wa mwanadamu: huchaguliwa kilicho karibu zaidi na jicho, kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Mtunga programu akisahau kulinganisha umbali, mchoraji aweza kuamuru mgeni afutwe, kikatoweka Kimondo.

Mwaka 1968 Arthur Appel wa kampuni ya IBM alieleza matumizi ya mistari ya namna hii katika kuchora vivuli. Mwaka huo huo Douglas Engelbart alikionyesha kipanya hadharani mjini San Francisco.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Daftari na kalamu vyatosha. Mwalimu na awaulize wanafunzi: kwa nini nukta (0.2, -0.1) hukichagua Kimondo bila kumgusa mgeni?