"Haumo kwenye mfumo": Nani aliuliza, na aliulizaje?

Katika miji yetu ya leo kuna jibu moja ambalo limechukua nafasi ya lile la zamani la "njoo kesho". Jibu hilo ni "haumo kwenye mfumo". Karani anabonyeza, anakodolea macho kioo, anatikisa kichwa, na mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri anageuka kurudi nyumbani. Hana la kubisha. Anaamini kwamba mashine imesema, na mashine haina ndugu wala jamaa.

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya kile kinachotangulia jibu hilo. Mashine haisemi lolote mpaka iulizwe, na mwenye kuiuliza ni binadamu. Mimi riziki yangu inatokana na kuuliza maswali, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Kila mwandishi wa habari anajua kwamba ukimwuliza mkubwa swali lililopinda, utapewa jibu lililopinda. Tofauti ni kwamba mkubwa anaweza kukuuliza, "Una maana gani?" Kompyuta haikuulizi. Inajibu ulichotamka, si ulichokusudia.

Kwanza tuelewane juu ya ghala lenyewe la kumbukumbu, ambalo wataalamu huliita kanzidata. Yapo ya aina nyingi, lakini mbili zinatosha kwa leo. Ya kwanza imefanana na daftari kubwa la mahudhurio: mistari na safu, kila mtu na mstari wake, kila safu na kichwa chake. Msingi wa aina hiyo uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Aina ya pili imefanana na kabati la majalada. Kila mtu ana jalada lake, na ndani ya jalada mna karatasi zinazomhusu yeye. Jalada la mmoja linaweza kuwa na karatasi kumi, la mwingine tatu. Mojawapo ya kanzidata za namna hii inayojulikana sana ni MongoDB. Kampuni iliyoitunga ilianzishwa New York mwaka 2007, na programu yenyewe ikatolewa kwa umma mwaka 2009. Jina limetokana na neno la mitaani la Kiingereza lenye maana ya kitu kikubwa kupita kiasi.

Kabati hilo linapendwa kwa sababu halilazimishi watu wote wafanane. Lakini uhuru huo una gharama yake, na gharama hiyo inalipwa siku ya kuuliza.

Tuchukue mfano. Tuseme upo mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Dar es Salaam kununua sare na vitabu. Majalada yako elfu kumi. Mkuu wa mfuko anamwambia kijana wake wa kompyuta: "Nitolee wanafunzi wa Temeke na Ilala ambao kipato cha mzazi hakifiki shilingi laki tatu kwa mwezi." Binadamu yeyote anaelewa. Kijana naye anakaa kuigeuza sentensi hiyo iwe masharti, maana kompyuta haiji kulifungua jalada lolote mpaka ipewe masharti ya kulikubali au kulikataa.

Tatizo la kwanza liko kwenye neno dogo kuliko yote: "na". Mkuu aliposema "Temeke na Ilala" alikuwa na maana kwamba awe wa huku au wa kule. Kwa kompyuta, "na" maana yake ni yote mawili kwa pamoja. Mwanafunzi ambaye wilaya yake ni Temeke na papo hapo ni Ilala hayupo duniani. Kijana akiandika "na" kama alivyoisikia, atapata orodha tupu. Hiyo ni heri, maana orodha tupu inashtua. Mbaya zaidi ni akichanganya "na" na "au" bila kuzifunga pamoja zinazohusiana. "Temeke, au Ilala na maskini" inaweza kuleta watoto wote wa Temeke, matajiri kwa maskini, pamoja na maskini peke yao wa Ilala. Orodha hiyo haishtui mtu. Inapigwa chapa na kubandikwa ukutani.

Jambo hili si geni. George Boole, mtoto wa fundi viatu ambaye kwa sehemu kubwa alijifundisha hisabati mwenyewe, hata akawa profesa katika mji wa Cork, Ireland, alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichoonyesha jinsi "na", "au" na "si" zinavyoweza kukokotolewa kama hesabu. Kompyuta za leo zinafuata njia hiyo. Sisi midomoni mwetu hatuifuati, na hapo ndipo pana haja ya mkalimani mwangalifu.

Tatizo la pili ndilo lililonifanya nichague mada hii. Katika MongoDB, sharti la "pungufu ya" huandikwa kwa alama ya dola ikifuatiwa na herufi mbili, $lt. Unasema: kipengele cha kipato kiwe pungufu ya 300,000. Kompyuta inapita jalada kwa jalada. Inafika kwenye jalada la mtoto yatima, aliyelelewa na bibi yake. Ndani yake hamna karatasi ya kipato cha mzazi, kwa sababu mzazi hayupo. Je, kompyuta itamhesabu kuwa na kipato sifuri? La hasha. Kwayo, kisichokuwepo si pungufu ya laki tatu na wala si zaidi ya laki tatu. Jalada linarukwa. Mtoto aliye na shida kuliko wote ndiye anayeachwa, na hakuna aliyeamua kumwacha.

Kadhalika yuko mwingine ambaye kipato cha baba yake kipo, lakini kiliingizwa kama maneno, si kama namba. Kwa macho yako na yangu, 250000 ni 250000. Kwa kompyuta hiyo, maandishi na namba ni kabila mbili zisizopimwa kwa mizani moja. Naye anarukwa.

Dawa ipo, ila lazima mtu aikumbuke. Masharti yaandikwe hivi: kipato kiwe pungufu ya laki tatu, au kipengele cha kipato kisiwepo kabisa. Lipo sharti maalumu la kuuliza kama kipengele kipo au hakipo. Na mtunga programu ajue pia kwamba sharti la "si sawa na" hufanya kinyume cha lile la mwanzo. Ukiuliza majalada ambayo hali ya malipo si "amelipwa", utaletewa pia yale yasiyo na kipengele cha malipo. Sharti moja linawatupa wasio na karatasi, jingine linawakumbatia. Asiyejua tofauti hiyo anagawa haki kwa bahati nasibu.

Lipo na suala la orodha ndani ya jalada. Tuseme mfuko unataka wanafunzi waliopata zaidi ya 70 katika Hisabati. Katika jalada mna orodha ya masomo, kila somo na alama zake. Kijana akiandika masharti mawili yaliyotengana, kwamba somo liwe Hisabati na alama ziwe zaidi ya 70, atapewa pia mtoto aliyepata 40 katika Hisabati na 85 katika Kiswahili. Kompyuta haikudanganya: Hisabati imo, na alama zaidi ya 70 zimo. Hakuna aliyeiambia kwamba yote mawili yawe ya somo hilo hilo moja. Kwa kazi hiyo lipo sharti linaloitwa $elemMatch, linaloyafunga mawili hayo yatimizwe na kitu kimoja.

Sasa tuingie jikoni. Masharti haya kwa kawaida hayaandikwi kwa mkono kila mara. Karani anakuwa na fomu kwenye kioo: jina, wilaya, umri, kipato. Anajaza anachokijua, vingine anaviacha wazi. Programu ndiyo inayojenga swali. Inaanza na kikapu kitupu. Jina limejazwa? Tia sharti la jina kikapuni. Wilaya imejazwa? Tia na hilo. Mwishoni kikapu kinapelekwa kwenye kabati.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini una mitego. Mtego mmoja ni wa masharti mawili ya kipengele kimoja. Ukitaka umri uwe zaidi ya 12 na pungufu ya 18, ukayaweka masharti hayo mbalimbali chini ya jina lile lile la "umri", katika lugha nyingi za programu la pili linalifuta la kwanza kimyakimya. Yapaswa kuwekwa yote mawili chini ya "umri" mmoja.

Mtego mkubwa ni kikapu kitupu chenyewe. Karani asipojaza chochote, masharti hayapo, na pasipo masharti kila jalada linakubaliwa. Kama kazi ilikuwa kutafuta, utaona watu elfu kumi na utacheka. Kama kazi ilikuwa kufuta, utakuwa umefuta elfu kumi. Mtunga programu mwenye busara huweka mlinzi mlangoni: kikapu kikiwa kitupu, amri ya kufuta ikataliwe.

Aidha upo mlango wa wezi. Mtu anatakiwa kuandika neno lake la siri. Mjanja, badala ya neno, anapenyeza sharti: "lisilo sawa na tupu". Programu isiyokagua inalichukua kama lilivyo na kuuliza kabati: je, kuna mtu wa jina hili ambaye neno lake la siri si tupu? Bila shaka yupo. Mlango unafunguka. Kinga ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kilicholetwa ni maandishi matupu, si amri iliyovishwa nguo za maandishi. Na neno la siri lenyewe halipaswi kamwe kuhifadhiwa kama lilivyo.

Ndugu wasikilizaji, mtauliza haya yanamhusu nini mwuza duka wa Kariakoo au mama wa Mbagala. Yanamhusu kwa sababu bima, mikopo, nafasi za masomo na hata dawa sasa zinapita kwenye makabati haya. Zamani mtu akionewa na karani alimjua karani. Leo anaonewa na sharti lililoandikwa na kijana asiyemjua, ambaye naye hakukusudia ubaya wowote.

Nina mapendekezo mawili. Kwa ofisi: kila orodha inayogawa haki ya watu ibandikwe pamoja na masharti yake, kwa Kiswahili cha kawaida. Ikiandikwa waziwazi kwamba "wasio na kumbukumbu za kipato hawakuhesabiwa", bibi wa yule yatima atajua pa kuanzia. Na kabla ya kuitumia orodha, zihesabiwe pande zote mbili: wangapi wameingia, wangapi wameachwa, kisha yafunguliwe majalada machache ya walioachwa na kusomwa kwa macho ya binadamu.

Kwa mwananchi: ukiambiwa humo, usigeuke mara moja. Mwombe karani kwa upole akutafute tena kwa sharti moja tu, pengine namba yako au namba ya simu, maana Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja msikitini lakini ni wawili kwenye kompyuta. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi muulize na yeye: "Mwanangu, hiyo kompyuta umeiuliza nini?"

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo.